Kupanda gusberi nyumbani Arusha na Moshi, kuanzia mbegu hadi kuvuna

Maswali kuhusu gusberi huwa ni yale yale. Mche umefika kifuani, majani mapana, matunda hamna: shida nini? Matunda yanaanguka yangali ya kijani, nifanyeje? Nipande mwezi gani? Majibu yako hapa chini kwa mpangilio wa kazi yenyewe, kwa ajili ya mtu mwenye uwanja mdogo, ukingo wa kihamba (shamba la migomba linalozunguka nyumba) au ndoo chache kibarazani.

Tunazungumzia gusberi ya rangi ya chungwa, ukubwa wa gololi, iliyofunikwa na ganda jembamba kama karatasi. Ile ambayo watoto wa mlimani huichuma kwenye kingo za mashamba. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini, na ni ya jamii moja na nyanya, bilinganya, viazi mviringo na mnavu. Kwa sababu ya undugu huo watu huilea kama nyanya, na hapo ndipo wanapoharibu. Gusberi huumizwa na wingi kuliko uhaba. Samadi nyingi, maji mengi na haraka ya kuchuma ndiyo mambo matatu yanayozalisha karibu malalamiko yote.

Onyo kabla ya lolote

Majani ya gusberi si mboga. Mche mchanga ukiota karibu na mnavu, mtu asiyeufahamu anaweza kuuchuma na kuutia sufuriani. Tofauti unaipata kwa vidole: jani la gusberi lina manyoya laini pande zote na limeingia ndani kidogo pale linapoungana na kikonyo, umbo la moyo. Jani la mnavu ni jembamba zaidi na halina ulaini huo. Likichanua, ua la gusberi ni la njano lenye madoa matano ya zambarau iliyokolea katikati. Ua la mnavu ni dogo, jeupe. Tunda bichi la kijani nalo lina sumu, pamoja na ganda lake. Kinacholiwa ni tunda lililoiva peke yake. Mbuzi na ng'ombe wasifikie masalia ya kupogoa.

Vitu vya kuwa navyo

- Gusberi mbivu tatu au nne kwa ajili ya mbegu. Tunda moja lina mbegu zaidi ya mia moja, hivyo usinunue kilo nzima.
- Chujio la chai, glasi na sahani.
- Trei ya kusia, au kopo la siagi lililotobolewa chini.
- Viriba vidogo au vikombe vya maziwa mgando, kimoja kwa kila mche.
- Udongo wa juu, samadi iliyoiva na pumba za mpunga. Kwa watu wa Moshi pumba hazina shida, mashine za kukoboa za ukanda wa chini zinazo tele. Ukizikosa, mchanga wa mtoni utafaa.
- Ndoo za lita 20, moja kwa mche mmoja, kama huna ardhi.
- Fito za mita moja na nusu na kamba ya katani.
- Mbolea ya NPK 17:17:17, robo kilo inatosha.

Miche minne hadi sita inaitosha familia. Mche uliotunzwa vizuri unaweza kutoa kilo moja hadi mbili kwa msimu, na kila mmoja unataka mita nzima ya nafasi. Anayeanza na miche ishirini huishia na kichaka kisichopitika.

Hatua ya 1: Panga msimu

Hapa Arusha na Moshi hazifanani. Gusberi hupenda joto la wastani. Likizidi nyuzi 30 maua mengi hudondoka bila kushika tunda, na mvua kubwa ikikuta matunda yanaiva, hupasuka na kuoza ndani ya maganda.

Arusha mjini, Tengeru, Ngaramtoni na maeneo ya mwinuko huo: sia mwishoni mwa Julai, hamishia shambani kati ya katikati na mwisho wa Septemba. Mvua za vuli zitaikuta mizizi imeshashika, na uvunaji utaanza Januari, wakati wa jua. Julai usiku ni baridi, hivyo trei ilale ndani, karibu na jiko.

Moshi mjini na kuteremka chini: geuza kalenda. Sia mwishoni mwa Machi chini ya paa, hamishia katikati ya Mei masika ikianza kulegea. Maua yatatoka Juni hadi Agosti, kipindi pekee ambacho joto la Moshi linavumilika, na utavuna kuanzia Septemba. Anayepanda Moshi ili maua yatoke Februari anajitafutia majani tu.

Marangu, Kibosho, Machame na vijiji vya juu: fuata kalenda ya Arusha, ila tegemea kuiva kuchelewe kwa wiki kadhaa. Tatizo lenu kubwa ni kivuli. Chini ya migomba mmea hurefuka ukitafuta mwanga na hauzai. Tafuta ukingo wa kihamba unaopata jua angalau saa sita kwa siku.

Hatua ya 2: Toa mbegu

1. Menya matunda, yaponde ndani ya glasi kwa kijiko, ongeza maji nusu glasi.
2. Acha siku moja hadi mbili mahali penye joto. Utelezi unaozunguka mbegu utaachia.
3. Koroga kwa nguvu kisha tulia. Mbegu nzuri huzama. Nyama na mbegu pungufu huelea. Mwaga vinavyoelea, ongeza maji, rudia hadi maji yawe meupe.
4. Chuja kwa chujio la chai, tandaza kwenye sahani, kausha kivulini siku tatu.

Usikaushe kwenye karatasi ya chooni. Mbegu ni ndogo kama chembe za mchanga na zitaganda humo.

Mbegu za pakiti kutoka nje ya nchi, hasa zile za aina fupi inayotambaa, huota vizuri, lakini uingizaji wa mbegu una taratibu za ukaguzi wa afya ya mimea chini ya TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu. Kwa anayeanza hakuna sababu ya kwenda mbali hivyo. Tunda la sokoni linatosha.

Hatua ya 3: Sia

Changanya udongo sehemu mbili, samadi iliyoiva na kuchekechwa sehemu moja, pumba au mchanga sehemu moja. Mimina maji yanayochemka juu ya mchanganyiko, acha upoe kabisa. Hili si urembo: miche mingi hufa ikiwa na majani mawili, shina likiwa jembamba na jeusi pale linapogusa udongo, na fangasi wanaofanya hivyo wanatoka kwenye udongo ambao haukuchomwa.

Nyunyiza mbegu ziachane, zifunike kwa udongo wa unene wa milimita tatu hadi tano tu. Mwagilia kwa chupa iliyotobolewa kifuniko ili maji yasizizike. Funika kwa nailoni hadi zianze kuchomoza. Kwenye joto la nyuzi 20 hadi 25 zitaota kati ya siku 10 na 20. Kwenye baridi zitachelewa zaidi. Wengi hukata tamaa wiki ya pili na kumwaga trei nzima. Subiri mwezi.

Zikichomoza, ondoa nailoni siku hiyohiyo na upeleke trei kwenye mwanga. Miche inayobaki gizani hurefuka na kulala.

Hatua ya 4: Hamishia kwenye viriba

Mche ukiwa na majani halisi mawili hadi manne, ung'oe kwa kuinua udongo na kijiti, ukiushika kwa jani, si kwa shina. Shina likibonyea halirudi. Panda mmoja mmoja kwenye kiriba na uweke kwenye kivuli chepesi kwa siku tatu.

Unabaki humo hadi ufikie sentimita 15 hadi 20, kwa kawaida wiki sita hadi nane tangu kusia. Wiki ya mwisho uzoeze jua: saa mbili siku ya kwanza, ongeza kidogo kidogo, na upunguze maji.

Hatua ya 5: Andaa shimo au ndoo

Ardhini: chimba shimo la sentimita 30 kwa 30, kina 30. Rudisha udongo wa juu ukiwa umechanganywa na samadi iliyoiva robo ya ndoo ya lita 20. Robo, si ndoo nzima. Samadi ya kuku ni kali, hiyo weka nusu ya kipimo hicho na iwe imekaa angalau miezi mitatu. Mche hadi mche mita moja, mstari hadi mstari mita moja na nusu.

Usipande mahali palipokuwa na nyanya, viazi mviringo, hoho, bilinganya, nyanya chungu au mnavu msimu uliopita. Magonjwa yao ni mamoja.

Ndoo: toboa matundu manane kwa msumari wa moto, mengine chini na mengine pembeni karibu na kitako. Jaza udongo sehemu tatu, samadi moja, pumba moja. Ndoo nyeusi juani Moshi hupika mizizi. Ipake chokaa nje au izungushie kiroba.

Ukanda wa chini, mahali udongo una magadi, yaani ukikauka unaacha ukoko mweupe juu, tumia ndoo hata kama una eneo. Huwezi kuurekebisha udongo huo kwa samadi ya msimu mmoja.

Hatua ya 6: Panda

Panda jioni. Mwagilia kiriba kwanza, chana nailoni, weka mche na bonge lake. Kama umerefuka sana, zika shina hadi karibu na majani ya kwanza, litatoa mizizi. Kata chupa ya plastiki iwe pete, uizungushie shina na kuididimiza sentimita tatu ardhini. Bila pete hiyo, sota watakata miche usiku na asubuhi utaikuta imelala kana kwamba imekatwa na wembe.

Simika fito sasa hivi. Ukisubiri mmea ukue utachoma mizizi. Kisha tandaza majani makavu ya migomba au nyasi, yakae mbali na shina kwa upana wa kiganja.

Hatua ya 7: Maji

Wiki mbili za kwanza, lita moja kila siku. Baada ya hapo, ardhini, lita tano mara mbili kwa wiki kama hakuna mvua. Ndoo hukauka haraka: lita moja hadi mbili kwa siku wakati wa jua kali. Kipimo cha kuaminika ni kidole: kiingize hadi kiungo cha pili, kikitoka na unyevu, acha.

Kinachopasua matunda si uchache wa maji bali kuruka-ruka: udongo unakauka wiki nzima, kisha unamwagwa mafuriko. Maganda ya kwanza yakianza kubadilika rangi, punguza maji kwa theluthi.

Mwagilia chini, kamwe usimwagie majani.

Hatua ya 8: Mbolea

Kidogo. Mwezi mmoja baada ya kuhamisha, weka NPK visoda viwili kwa mche (kisoda kimoja ni takribani gramu 5), kwenye mfereji mdogo sentimita 15 kutoka shina, fukia, mwagilia. Rudia mara moja maua yakishatoka mengi. Basi.

Mbolea za urea na CAN ziache dukani. Nitrojeni nyingi huleta majani mapana ya kijani kibichi yanayopendeza macho na kuvuta vidukari, na hakuna tunda.

Hatua ya 9: Egemeza na pogoa

Shina kuu litagawanyika lenyewe kwenye panda ya kwanza. Ondoa machipukizi yote yaliyo chini ya panda hiyo, yangali madogo, kwa vidole. Juu yake acha matawi makuu matatu au manne na uyafunge kwenye fito kwa kitanzi cha namba nane, kilegee. Tawi la gusberi hukatika kwenye panda, hasa likiwa na matunda na upepo wa alasiri ukivuma.

Kosa la kawaida hapa ni kukata vilele kila mara ili mmea uwe mfupi. Maua hutoka kwenye makutano ya majani kadiri tawi linavyoendelea kurefuka. Ukikata vilele unakata mavuno.

Hatua ya 10: Maua

Mmea mmoja unaweza kujichavusha, huhitaji mwenzake. Nyuki wakiwa wachache, tikisa matawi taratibu kila asubuhi kati ya saa tatu na saa tano, umande ukishakauka. Usipulizie dawa yoyote saa hizo.

Ua likishika, utaona kikombe chake cha kijani kinavimba na kuwa kama taa ndogo. Ndani bado hamna kitu cha kula. Toka ua hadi tunda kuiva ni siku 70 hadi 80, na ganda hufikia ukubwa wake kamili mapema mno. Hapo ndipo wengi hudanganyika.

Hatua ya 11: Vuna

Angalia ganda, si ukubwa. Likiwa kijani, acha. Likianza unjano, acha bado. Likiwa rangi ya nyasi kavu na linatoa sauti ya karatasi ukiligusa, shika tunda kwa ganda na uligeuze. Linaachia bila kuvutwa. Fungua moja: likiwa na rangi ya chungwa iliyoenea hadi kwenye kikonyo, umefika. Likiwa na ukijani karibu na kikonyo, subiri siku nne au tano kwa yaliyobaki.

Mengine huanguka yenyewe, na hayo hayana ubaya ilimradi ganda ni kavu na tunda ni la chungwa. Okota kila siku kabla ya panya na sisimizi. Aina fupi inayotambaa huangusha karibu yote, kwa hiyo tandika kiroba chini yake.

Vuna mchana, umande ukiwa umekauka. Tandaza matunda na maganda yake kivulini siku mbili, kisha weka kwenye kikapu chenye hewa. Yakiwa ndani ya maganda hukaa wiki kadhaa. Ukiyamenya yote siku ya kwanza, siku chache tu. Kabla ya kula, osha ule utelezi wa gundi kwa maji ya uvuguvugu.

Ukipata kilo moja kwa mpigo, pika jamu: sukari nusu kilo, maji ya limao moja, moto mdogo nusu saa ukikoroga. Inaganda yenyewe.

Mwaka wa pili

Hapa kwetu mmea haufi mavuno yakiisha. Ukate ubaki sentimita 30, weka robo ndoo ya samadi, utachipua. Mavuno ya pili huwa na matunda madogo kidogo. Ya tatu hayana maana, ng'oa. Wakati wa kukata, chukua vipande vya sentimita 20 vya matawi yenye afya, ondoa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu kivulini. Vikishika mizizi huzaa mapema kuliko miche ya mbegu.

Mambo yakienda kombo

*Majani tele, hakuna maua.* Samadi imezidi au kivuli. Acha mbolea kabisa, punguza maji, fungua mwanga.

*Maua yanatoka na kudondoka.* Joto, ukame au upepo mkavu. Moshi weka chandarua cha kivuli upande wa magharibi ili jua la alasiri lisiupige.

*Mistari na mabaka ya rangi ya maziwa ndani ya majani.* Ni kantangaze, kiwavi yule yule anayetoboa majani ya nyanya. Chuma majani yote yenye alama, yachome au yazike kina kirefu. Usiyatie kwenye shimo la mboji. Kama jirani ana nyanya, tundika mtego wa feromoni, yaani wenye harufu inayovuta wadudu hao.

*Inzi weupe na vidukari chini ya majani.* Kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja ya maji, puliza jioni upande wa chini wa majani, rudia kila siku tano mara tatu. Jaribu jani moja kwanza.

*Utando mwembamba na majani yenye nukta za njano, hasa kiangazi Moshi.* Utitiri mwekundu. Hapa ndipo ile sheria ya kutolowesha majani inavunjwa: yaoshe kwa nguvu upande wa chini asubuhi, siku tatu mfululizo.

*Mabaka meusi yanayoonekana kulowa, ukungu mweupe chini ya jani asubuhi yenye baridi.* Bakajani chelewa. Hutembea kasi wakati wa masika. Ondoa matawi yaliyoguswa, fungua hewa, na kama mvua inaendelea tumia dawa ya shaba iliyosajiliwa, ukizingatia siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye kibandiko.

*Mmea unanyauka mchana ilhali udongo una unyevu.* Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kichovye kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye mkato ndani ya dakika chache, ni mnyauko wa bakteria. Hauna dawa. Ng'oa, choma, osha kisu na usipande jamii hii hapo kwa miaka kadhaa. Uzi usipoonekana, fukua mizizi: yenye vinundu ni minyoo fundo, badilisha eneo au udongo wa ndoo, iliyooza na kunuka ni maji yaliyotuama.

*Majani machanga ya njano, mishipa yake ikibaki kijani.* Magadi kwenye udongo au maji. Kama ni ndoo, isafishe kwa kupitisha maji ya mvua lita kumi hadi kumi na tano, yatoke chini yote.

*Miche michanga ina rangi ya zambarau chini ya majani, msimu wa baridi Arusha.* Baridi tu. Usiongeze mbolea, joto likirudi itapona.

*Ganda lina tundu, ndani hamna tunda au kuna funza.* Okota yote yenye matundu, hata yaliyoanguka, na uyatumbukize kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Kagua kila baada ya siku mbili, kwa sababu funza mmoja akimaliza tunda huhamia la jirani.